Somo Wako Hakuliwa na Simba

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nilibatizwa Perpetua, na mdogo wangu ni Felista. Mama alitupa majina hayo kwa sababu paroko wa wakati ule alimwambia kwamba hao ni masomo wanaokwenda pamoja. Katekista alitufundisha kuwa Perpetua aliliwa na simba kule Roma, basi, hakuna zaidi. Sasa kaka yetu ameokoka na kuhamia kanisa jingine. Tarehe 7 Machi alinikuta nimewasha mshumaa mbele ya picha ya somo wangu, picha ile yenye simba miguuni. Akasema hayo ni matambiko yaliyovikwa rozari, kwamba ninaabudu maiti, na kwamba huyo Perpetua pengine hakuwahi kuishi. Nilikosa la kujibu. Je, alikuwepo kweli? Na Wakristo walianza lini mambo haya ya kuwaomba waliokufa?"

Marahaba, mwanangu. Katekista wenu nimemsamehe kabla sijamsahihisha, maana mimi nami nilifundishwa hivyo hivyo, na kwa miaka kadhaa niliwafundisha wengine hivyo hivyo. Lakini haikuwa Roma, wala hakukuwa na simba. Somo wako alikuwa Mwafrika. Alifia Karthago, mji ambao magofu yake yako leo pembeni mwa Tunis, nchini Tunisia, tarehe 7 Machi mwaka 203. Na mnyama aliyefunguliwa ili amshambulie alikuwa ng'ombe.

Kaka yako ana haki ya kuuliza kama aliishi. Habari za wafiadini wa kwanza zimechanganyika: nyingine ni historia safi, nyingine zimetiwa chumvi mpaka zikawa chungu, za mtu aliyekatwa kichwa akakiokota na kutembea nacho. Kanisa lenyewe limekuwa likizichuja. Kalenda ya liturujia iliporekebishwa mwaka 1969, watakatifu kadhaa waliopendwa sana, Kristofa akiwa mmoja wao, waliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima kwa sababu habari zao hazikuwa na pa kushikia. Perpetua katika mchujo huo hakupoteza kitu. Alirudishiwa siku yake. Kwa muda mrefu alikuwa amesogezwa hadi tarehe 6 Machi ili kumpisha Tomaso wa Akwino; Tomaso akahamishiwa Januari, na Perpetua akarudi tarehe 7, siku aliyouawa.

Sababu ya kuaminika kwake ni kwamba aliandika. Akiwa gerezani alikuwa akiweka kumbukumbu ya yaliyompata, na mtu ambaye hakutaja jina lake alizichukua karatasi hizo, akaongeza utangulizi mbele na habari za siku ya kifo nyuma, akasema wazi wapi mkono wa Perpetua unaanzia na wapi unakomea. Wataalamu walio wengi wanakubali kwamba sehemu hiyo ya kati ni sauti yake mwenyewe. Maandishi ya mwanamke wa zama zile ni adimu mno. Ya mwanamke Mkristo wa wakati ule, hakuna mengine ya namna yake.

Alikuwa na umri wa miaka kama 22, mtoto wa watu wa heshima, amesoma, ameolewa, ananyonyesha. Mume hatajwi hata mara moja, na hapo kila mtaalamu ana dhana yake. Mimi nakuachia ya kwako. Alikamatwa pamoja na wakatekumeni wenzake, yaani watu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa: Revokatus na Felisita, ambao walikuwa watumwa, kisha Saturninus na Sekundulus. Mwalimu wao, Saturus, hakuwepo siku ya kukamatwa. Alijisalimisha baadaye ili awe pamoja nao. Walibatizwa wakiwa tayari chini ya ulinzi.

Baba yake hakuwa Mkristo, na anavyokuja kumbembeleza ndiyo sehemu inayoumiza kuliko zote. Perpetua anamwonyesha chombo kilichokuwa karibu, anamwuliza: hiki waweza kukiita jina lingine lisilo lake? Baba anasema hapana. Basi na mimi, anajibu, siwezi kujiita kingine ila nilicho, Mkristo. Baba anarudi tena, safari hii na mvi zake, anambusu mikono, anajitupa miguuni pake, anamsihi aifikirie familia. Mbele ya liwali Hilarianus anakuja na mtoto mchanga mikononi. Liwali anamwambia Perpetua awaonee huruma wote wawili, mzee na mtoto, atoe sadaka kwa ajili ya salama ya makaisari. Anakataa. Anaulizwa: wewe ni Mkristo? Anajibu: mimi ni Mkristo. Mzee alipozidi kumvuta binti yake, liwali akaamuru aangushwe chini na kupigwa fimbo. Na Perpetua anaandika kwamba kipigo kile kilimwuma kana kwamba amepigwa yeye.

Humu kuna mambo ambayo mtunga hadithi za watakatifu asingeyatunga. Mashemasi wawili, Tersius na Pomponius, waliwapa rushwa askari jela ili wafungwa wapelekwe kwa saa chache mahali penye nafuu kidogo, naye Perpetua apate kumnyonyesha mtoto aliyekuwa amelegea kwa njaa. Ndiyo, rushwa, imeandikwa hivyo bila aibu. Baada ya hukumu, babu wa mtoto alikataa kumrudisha gerezani. Perpetua anasema kwa mapenzi ya Mungu mtoto hakulilia titi tena, wala matiti yake mwenyewe hayakuvimba. Mama yeyote atajua kwamba hilo liliandikwa na mtu aliyekuwa na maziwa.

Felisita, somo wa mdogo wako, alikuwa na mimba ya miezi minane. Sheria ya Roma ilikataza kumwua mjamzito, kwa hiyo aliogopa atabakizwa na kuuawa baadaye peke yake, kati ya wahalifu, mbali na wenzake. Wakasali pamoja, uchungu ukamshika. Alipokuwa akilia, mtumishi mmoja wa gereza alimkejeli: kama unalia sasa, utafanyaje mbele ya wanyama? Felisita akamjibu kwamba sasa anayeteseka ni yeye mwenyewe. Siku ile atakuwepo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake, kwa kuwa yeye naye atateseka kwa ajili ya huyo. Alijifungua mtoto wa kike, na mmoja wa akina dada wa Kanisa akamlea kama wake. Mjakazi, katika dola ambayo neno la mtumwa mahakamani lilichukuliwa kwa mateso, ndiye aliyetoa jibu ambalo walimu wa teolojia bado tunalifafanua.

Sasa uwanjani. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari Septimius Severus, na michezo iliandaliwa kwa heshima yake. Wanaume walipangiwa chui, dubu na nguruwe pori. Kwa wanawake wale wawili alitafutwa ng'ombe jike mkali, mnyama ambaye hakuwa wa kawaida katika michezo ile. Mwandishi anasema ilifanywa makusudi, jike kwa majike. Ilikuwa dhihaka. Perpetua alirushwa juu akaanguka kwa kiuno. Aliinuka, akavuta nguo yake iliyochanika kufunika paja, akatafuta pini ya kubana nywele, kwa sababu nywele timutimu zilikuwa alama ya kufiwa na yeye hakutaka aonekane anaomboleza. Kisha akamwendea Felisita aliyekuwa chini, akampa mkono, akamwinua. Ng'ombe hakuwaua. Walimalizwa kwa upanga, na kijana aliyepewa kazi ya kumchinja Perpetua alikuwa mgeni wa kazi hiyo. Upanga ukagonga mfupa, Perpetua akapiga yowe, kisha akaushika mkono wa kijana uliokuwa ukitetemeka na kuuelekeza kooni mwake mwenyewe.

Kuna tukio dogo kabla ya hapo ambalo wasomaji wengi hulipita, na ndilo linalonifikisha kwenye mshumaa wako. Saturus aling'atwa na chui mara moja tu akaloa damu mwili mzima. Umati ukapiga kelele ya kejeli: "Kaoga salama!", maamkizi ambayo Warumi waliambiana kwenye mabafu. Saturus akamgeukia askari aliyeitwa Pudens, ambaye gerezani alikuwa amewatendea wema na kuamini. Akamwomba pete yake, akaichovya kwenye jeraha, akamrudishia iwe ukumbusho wa damu ile. Unaona? Kaburi halijachimbwa, na tayari mtu anaondoka uwanjani na kitu mfukoni. Masalia hayakubuniwa na mapadre wa karne za baadaye. Yalianza na mtu aliyekuwa anakufa, akimpa rafiki yake kitu cha kushika.

Tuseme kidogo juu ya neno, maana Kiswahili hapa kimetupendelea. Wayunani walimwita mtu kama Perpetua kwa neno lile lile walilomwitia anayesimama mahakamani kueleza alichokiona. Waarabu nao walitumia shina moja kwa mambo yote mawili, na sisi tukapokea kutoka kwao: shahidi. Lugha nyingi za Ulaya zilichukua neno la Kiyunani likiwa halieleweki, likabaki na maana ya kifo peke yake. Kwetu shahidi wa kesi ya shamba na shahidi wa Karthago wanaitwa jina moja. Basi ukisoma habari ya Perpetua utagundua kwamba kifo kinachukua kurasa chache za mwisho. Kiini ni jibu lake kwa liwali, mahali pa sheria, mbele ya watu. Ushahidi ulikwisha kutolewa pale. Paulo naye katika Matendo 22 anamwita Stefano shahidi, na Waebrania 12 inasema tumezungukwa na wingu kubwa la mashahidi. Kaka yako anazo aya hizo katika Biblia yake pia.

Swali lako la pili: ilianza lini? Nitaanzia nyuma ya Perpetua kidogo, katika mji wa Smirna, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Katikati ya karne ya 2, karibu mwaka 155 au 156, askofu mzee Polikarpo alichomwa moto pale. Yeye ndiye aliyesema amemtumikia Kristo miaka 86 wala hajakosewa naye. Waumini wake walituma barua kueleza yaliyotokea, na barua hiyo tunayo. Wanasema adui zao walizuia mwili usitolewe, kwa hoja kwamba Wakristo wangemwacha Msulubiwa na kuanza kumwabudu huyu. Hebu fikiri: lawama ya kaka yako, karibu neno kwa neno, ina umri wa miaka zaidi ya 1,800! Na jibu la watu wa Smirna lilikuwa fupi: Kristo tunamwabudu kwa kuwa ni Mwana wa Mungu, mashahidi tunawapenda kwa kuwa ni wanafunzi na waigaji wa Bwana. Kisha wanasema waliikusanya mifupa ya mzee wao, kwao ikiwa na thamani kuliko vito na dhahabu, wakaiweka mahali panapofaa, na kwamba watakuwa wakikutana hapo kwa furaha kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Ni siku ya kifo, nao wanaiita ya kuzaliwa.

Afrika ilifuata mkondo huo huo. Sipriani, askofu wa Karthago, wakati wa dhuluma ya Kaisari Decius mwaka 250 aliwaandikia mapadre wake, yeye akiwa mafichoni: andikeni siku wanazofariki walioko gerezani, ili tuweze kuzikumbuka. Agizo la karani, kavu kabisa, na ndilo lililozaa kalenda iliyotundikwa ukutani kwako. Yeye mwenyewe alipokatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258, waumini walitandaza vitambaa mbele yake, na usiku wakauchukua mwili kwa mishumaa na mienge. Mwaka 354 tunapata orodha ya Kanisa la Roma ya siku za mashahidi wake. Karibu wote ni wa Roma, lakini tarehe 7 Machi wanatajwa Perpetua na Felisita, wa Afrika.

Na matambiko? Hapa sitamjibu kaka yako kwa kukana, maana nikikana nitakuwa nadanganya. Warumi walikuwa na desturi ya kula makaburini pamoja na wafu wao. Mwezi wa Februari zilikuwepo siku maalumu, kuanzia tarehe 13 hadi 21. Kuna makaburi yaliyochimbuliwa yakiwa na bomba lililoingia ndani, la kumiminia marehemu divai. Wakristo walikuwa watoto wa familia hizo hizo. Walipobatizwa hawakuacha kufiwa, wala hawakuacha kwenda makaburini na vyakula. Kilichobadilika ni nani anayekusanyika. Kaburi la kawaida lilikuwa la ukoo. Kaburi la shahidi likawa la kanisa zima, maskini na tajiri, watu ambao hawakuwa na damu moja naye. Mjakazi Felisita hakuwa na ukoo uliotambuliwa na sheria. Ukoo wake ukawa Karthago yote. Mimi naona hilo ni geuzo kubwa kuliko jambo lolote lililoandikwa kuhusu suala hili, na ajabu yangu ni kwamba tunaona aibu kulisema, kana kwamba desturi ikigeuzwa inabaki ile ile.

Haikugeuzwa bila vuta nikuvute. Monika, mama yake Augustino, alikuwa mwanamke wa Afrika ya Kaskazini aliyezoea kwenda makaburini mwa mashahidi na kikapu cha uji mzito, mkate na divai. Alipomfuata mwanawe Milano alikwenda na kikapu chake vile vile, na mlinzi wa mlango akamzuia. Askofu Ambrosi alikuwa amepiga marufuku, kwa sababu wengine walilewa, na kwa sababu ilifanana mno na yale ya Februari. Augustino anasema mama yake alitii mara moja, na badala ya kikapu chenye matunda ya nchi akaanza kupeleka moyo uliojaa sala, na alichoweza kuwapa maskini akawapa. Ninapomfikiria Monika amesimama pale mlangoni na chakula chake nawaona bibi zetu wote.

Augustino mwenyewe, akiwa padre kule Hippo, katika Algeria ya leo, mwaka 395, alitumia siku kadhaa kuwahubiria watu waache karamu za ulevi kanisani katika sikukuu ya Leonsio, askofu wao wa zamani. Walinung'unika kwamba waliowatangulia waliruhusu. Lakini lipo tukio baya kuliko karamu. Karthago, mwanzoni mwa karne ya 4, palikuwa na mama tajiri aliyeitwa Lusila. Kabla ya kupokea Ekaristi alikuwa na tabia ya kubusu mfupa wa mtu aliyedaiwa kuwa shahidi, na ambaye Kanisa lilikuwa bado halijamthibitisha. Shemasi mkuu, Sesiliano, alimkemea. Lusila aliondoka kwa hasira na hakusahau. Sesiliano alipochaguliwa kuwa askofu karibu mwaka 311, mama huyu na fedha zake walikuwa upande wa waliompinga, na askofu waliyemsimamisha badala yake, Mayorino, alitoka nyumbani mwake Lusila. Hapo ndipo lilipozaliwa pasuko la Wadonati, lililolitafuna Kanisa la Afrika kwa zaidi ya miaka 100. Mfupa haukuwa sababu pekee, la hasha. Ila unaona kwamba viongozi hawakuwa wakibariki kila kilicholetwa mbele yao. Mwaka 386 dola nayo ilipiga marufuku kuhamisha na kuuza miili ya mashahidi, na sheria ya namna hiyo haitungwi mahali ambapo hakuna wauzaji.

Hata mtangulizi wa kaka yako tunamjua kwa jina. Mwanzoni mwa karne ya 5 padre wa Gaul, Ufaransa ya leo, Vigilansio, aliandika kwamba kuwasha mishumaa mchana mbele ya mavumbi ya wafu ni upagani ulioingizwa kwa kisingizio cha dini. Yeronimo, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, alimjibu kutoka Bethlehemu mwaka 406, kwa kazi ya usiku mmoja kama alivyosema mwenyewe, na kwa matusi ambayo sikushauri uyatumie nyumbani. Jibu bora ni la Augustino. Aliuliza: nani kati ya waumini amewahi kumsikia padre, amesimama kwenye altare iliyojengwa juu ya mwili wa shahidi, akisema katika sala, "Nakutolea sadaka wewe Petro, au wewe Paulo, au wewe Sipriani"? Sadaka hutolewa kwa Mungu, hata pale kaburini.

Tunapofika kwenye neno "kuomba" nadhani Kiswahili, kilichotupendelea kwenye "shahidi", kimetuponza kidogo. Naomba chumvi. Naomba ruhusa. Naomba kazi. Namwomba Mungu. Kitenzi ni kimoja, kwa hiyo anayesikia "wanamwomba Perpetua" anasikia ibada. Lakini isikilize Litania ya Watakatifu jinsi inavyopangwa, mtakapoiimba mkesha wa Pasaka. Mnaanza: Bwana, utuhurumie. Kristo, utuhurumie. Kisha majina yanaanza, na kiitikio kinabadilika: utuombee. Mtakatifu Stefano, utuombee. Watakatifu Perpetua na Felisita, mtuombee. Hakuna hata mara moja mtakatifu anapoambiwa "utuhurumie". Mtu akija na swali la mpaka uko wapi, mwambie umo ndani ya kiitikio, na kwamba hata mtoto wa kipaimara anauimba. Mtaguso wa pili wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulitumia maneno mengi zaidi kutofautisha kuabudu na kuheshimu, lakini ulikuwa unasema jambo hilo hilo.

Je, Wakristo walisema "utuombee" mapema? Kule Roma, kwenye barabara ya Appia, chini ya basilika ya Mtakatifu Sebastiano, upo ukuta wa mahali palipotumiwa kwa chakula cha ukumbusho katika karne ya 3. Watu waliukwaruza kwa vyuma, Kilatini chao kikiwa kibovu kibovu: Paulo na Petro, mwombeeni Viktor. Majina ni mengi, ya watu wasiojulikana kabisa. Hakuna askofu aliyewaamuru. Na mantiki yao si ngumu kuipata ukirudi kwa Perpetua. Akiwa gerezani ndugu yake alimwambia: dada, wewe sasa una heshima kubwa, omba uonyeshwe maono. Perpetua alimwombea pia mdogo wake Dinokrate, aliyekufa akiwa na miaka saba kwa kansa ya uso, akamwona kwanza akiwa na kiu mbele ya birika lenye ukingo mrefu kuliko kimo chake, kisha akamwona amepona, anakunywa, anacheza. Watu walimwomba awaombee alipokuwa hai. Alipokufa waliendelea, kwa sababu hawakuamini kwamba amekoma. Kaka yako akisema Biblia haijaamuru jambo hili waziwazi, mkubalie. Hapo ndipo tunapotofautiana naye kweli, wala si kwenye suala la maiti.

Augustino alihubiri katika sikukuu ya Perpetua na Felisita, na mahubiri matatu ya siku hiyo yamehifadhiwa. Alipenda kuyachezea majina: ukiyaunganisha kwa Kilatini yanatoa "heri ya milele". Lakini mtu mmoja alipojaribu kujenga fundisho juu ya ile ndoto ya Dinokrate, Augustino alimkumbusha kwamba kitabu kile hakimo katika Maandiko Matakatifu. Kilisomwa kanisani siku ya sikukuu, kilipendwa, na bado kiliwekwa mahali pake.

Miili yao ilizikwa Karthago, katika basilika iliyoitwa Mayorum. Victor wa Vita, askofu wa karne ya 5, anaitaja. Mwaka 698 mji uliangukia mikononi mwa majeshi ya Waarabu, na kwa karne zilizofuata Ukristo wa pale ulififia. Hakuna aliyebaki wa kuwasha mshumaa. Majina yao lakini yalikwisha kuvuka bahari na kuingia katika Kanuni ya Roma, ambayo sisi tunaiita Sala ya Ekaristi ya Kwanza: Felisita, Perpetua, Agata, Lusia, Agnes, Sesilia, Anastasia. Mjakazi anatangulia bibi wa heshima.

Aliyekwenda kuichimba basilika hiyo ni Padre Delattre, na mwaka 1907 alipata vipande vya jiwe lenye maandishi yanayowataja wafiadini wale. Delattre alikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadre Weupe, lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa pia Askofu Mkuu wa Karthago. Ni shirika hilo hilo lililopeleka mapadre kwenye Ziwa Viktoria, wakafika Buganda mwaka 1879. Vijana ambao mapadre hao waliwafundisha dini ndio Karoli Lwanga na wenzake. Kwa hiyo jina lako halikuokotwa kitabuni tu. Lilikuja Maziwa Makuu na watu ambao ndugu zao wa shirika walikuwa wakifukua kaburi lake. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale 22 wa Uganda tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja katika mahubiri yake mashahidi wa kale wa Afrika, Perpetua na Felisita wakiwemo. Anglikana nao wanawakumbuka vijana 23 wa upande wao waliouawa katika dhuluma hiyo hiyo ya Kabaka Mwanga. Tarehe 3 Juni, Namugongo, ukiwaona mahujaji waliotembea kwa miguu kutoka Tanzania, Kenya na Rwanda wakijaza maji ya pale kwenye vidumu vya kurudi navyo nyumbani, mkumbuke Pudens na pete yake.

Kuhusu picha: usiitoe. Simba huchorwa kwa sababu mchoraji ana ng'ombe wachache na simba wengi wa kunakili, na kwa sababu simba anauzika. Mshumaa pia uwashe, mradi usiuache unawaka ukiwa umelala. Lakini mdogo wako Felista amwulize fundi wa picha atachukua kiasi gani kumchora ng'ombe, na mwanamke amesimama pembeni yake, anabana nywele.